Shimoni hakuna mtandao

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha wahandisi, kijana mmoja alieleza kazi yake: roboti ndogo inayoingia mgodini ikidondosha redio zenye vihisi vya gesi na joto, moja baada ya nyingine, mpaka zipokezane habari kutoka ndani kabisa hadi mlangoni. Hakumaliza. Mzee mmoja alimkatiza: "Mwanangu, wachimbaji wetu hawana hata kofia ngumu, wewe unatuletea roboti?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilirudi nyumbani na hasira ambayo haijaniisha hadi leo.

Nimewahi kushuka shimoni. Mjomba ana duara, shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Kahama, akaniteremsha kwa winchi ya mkono. Hatujafika mbali simu ikapoteza mtandao. Ikabaki kamba: ukivuta mara moja, wasimame, mara mbili, wakupandishe. Tulipoingia tawi la pembeni hata kamba tukaiacha nyuma. Moshi wa baruti ya asubuhi ulikuwa bado unakereketa kooni. Mjomba alinusa, akanyamaza kidogo, akasema twende. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu cha hewa, pua ya mjomba.

Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata, hukohuko Kahama, uliporomoka. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wamekula vyura, mende na mizizi. Mwenzao wa sita alifia humo. Siku 41! Redio moja tu ingekuwa hai upande wao wa kifusi, na mawimbi yake yakapenya, huenda tungejua siku ya kwanza kwamba kuna watu wanapumua.

Tatizo ni mwamba. Unameza mawimbi ya redio, na kona moja inatosha kukata kila kitu. Wajapani waliliona hilo baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima: zege lilikuwa nene mno, roboti yao Quince ikabidi iburute waya. Oktoba 2011 waya ukaharibika ndani ya jengo la kinu namba 2, Quince ikabaki humo.

Septemba 2021, DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, ilifanya fainali ya mashindano ya roboti za chini ya ardhi huko Louisville, Kentucky, ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa. Roboti kuona sanamu ya majeruhi hakukuipa timu pointi. Taarifa ilipaswa ifike nje, na mahali patajwe bila kukosea zaidi ya mita 5. Ndiyo maana timu ya CERBERUS, walioshinda na kuondoka na dola milioni 2, walikuwa na roboti za miguu minne zilizobeba redio mgongoni na kuziacha njiani. Mawimbi ya redio ya nyuma yakianza kudhoofu, nyingine inadondoshwa, kabla hayajakatika. Baada ya hapo hata roboti yenyewe ikifukiwa, zilizobaki upande wa nje zinaendelea kusema hewa ikoje. Yule kijana alikuwa anaeleza kitu hichohicho, tukamcheka.

Haya, nakubali, maduara yetu mengi yanashuka wima, na roboti itabidi iteremshwe kwa winchi kama sisi. Bei nayo inaumiza: Spot, roboti ya miguu minne ya kampuni ya Boston Dynamics, ilipoanza kuuzwa 2020 ilikuwa dola 74,500. Kofia zinunuliwe, matimba ya kuzuia shimo lisiporomoke yawekwe, sijapinga. Lakini kofia haitamwambia mke wa mtu aliyeketi juu ya kifusi kama mumewe yu hai. Kinachoweza kumwambia ni zile redio, na redio ni rahisi kuliko kitu kinachozibeba.

Mdogo wangu uliyekatizwa kikaoni, kama unasoma hapa, nimeshaongea na mjomba. Tawi la pembeni bado liko wazi, na Jumapili hawachimbi. Njoo na redio zako hata kama roboti haijakamilika. Mimi nitazibeba, nitaziacha kila kona utakayoniambia, na mjomba atakaa juu asikilize.