Kabla Hujapanda Basi, Pita kwa Mama

Wiki hii mlima umeonekana mara moja tu, Jumanne alfajiri, kisha mawingu yakaufunika tena. Ndiyo Julai ya Moshi. Baridi inaingia hadi gheto, maji ya kuoga yanauma, na sisi wanafunzi tunapishana njiani na majaketi ya mitumba ya soko la Memorial, madesa ya kusomea kwapani, macho mekundu. Tumebakiza pepa mbili mwaka wa masomo uishe.

Vimbweta, meza zetu za nje za kujisomea, vinajaa tangu magharibi. Kundi moja linapitia pasti pepa za miaka mitano nyuma, jingine linabishana juu ya mizania ambayo pande zake mbili zimekataa kulingana tangu saa tatu, na pembeni kuna mtu kajifunika shuka la Kimasai anapiga msuli, yaani anakazana kusoma, peke yake kwa tochi ya simu. Mwenye koswaki nzuri, yaani alama za kazi na majaribio ya muhula, anasoma ana amani kidogo. Mwenye koswaki ya kuungaunga anajua kwamba hesabu zikigoma atarudi kabla ya wenzake kufanya sapu, mtihani wa marudio, na nauli ya kurudi hana. Haya kila aliyepita chuo anayajua, sitakaa sana hapo. Ninachotaka kusema kinahusu njaa ya wiki hizi na mtu anayeibeba kwa niaba yetu.

Mwisho wa mwaka ndipo fedha huwa zimekwisha. Fedha ya kujikimu, yaani bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa siku sitini ni 600,000, na ukiisikia hivyo unaona mwanafunzi ana hela. Lakini wenye nyumba wa mitaa ya karibu na chuo hawataki kodi ya mwezi mmoja, wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na chumba changu ni 50,000. Siku bumu linapoingia, 300,000 inaondoka kabla sijanunua hata sabuni. Toa kopi, toa bando, toa gesi, toa kile ulichomtumia mdogo wako wa sekondari kwa sababu nyumbani wamesikia umepata. Na hapo nazungumzia mwenye mkopo. Darasani kwetu wapo waliokosa kabisa, wanaosomeshwa kwa ng'ombe anayepelekwa mnadani mmoja mmoja.

Basi ikifika mitihani tunapiga pasi ndefu. Unaruka chai, unaruka mchana, unakula saa kumi jioni mlo mmoja wa kuinyoosha siku nzima. Na hata huo mmoja wengi wetu hatuulipii siku hiyo. Tunaandikiwa deni.

Anayetuandikia ni Mama, mama ntilie wetu. Hatumwiti jina jingine. Kibanda chake cha mabati kiko nje ya uzio wa chuo, na chuo chenyewe sikitaji kwa sababu jambo hili halihusu chuo kimoja. Saa kumi alfajiri anawasha mkaa. Saa kumi na mbili mtori uko tayari na chapati zimefunikwa. Mchana kuna wali maharage, makande, ugali kwa dagaa. Ijumaa anapika ndizi nyama. Mchele anaufuata soko la Mbuyuni, na akipata nafasi ya kuchagua anachukua ule wa mashamba ya umwagiliaji ya huku chini, Chekereni na Mabogini, kwa sababu, anasema, haujawahi kumwaibisha mbele ya mgeni. Maharage anayachambua usiku nyumbani na binti zake. Sahani ni 2,000. Ukifika huna, anavuta kauntabuku kutoka chini ya meza, anaandika, anakwambia, "Kula kwanza mwanangu, mtihani hausubiri."

Kauntabuku hilo nimelishika kwa mikono yangu. Mwezi Mei aliniomba nimjumlishie, maana anajua nasoma uhasibu. Majina ya kwenye vitambulisho vyetu hayamo. Anaandika kwa alama zake mwenyewe: Mrefu wa Singida. Miwani. Dada wa Kigoma. Kijana wa Kompyuta. Mimi natokea Nzega, kwa hiyo humo naitwa Mnyamwezi. Aliyelipa anakatwa kwa kalamu nyekundu. Kurasa za mwaka huu zilikuwa na nyekundu nyingi, kila bumu linapotoka unaliona hata kwenye karatasi. Nikarudi nyuma hadi Juni na Julai ya mwaka jana. Pale nyekundu inakauka. Kuna ukurasa mzima hauna mstari hata mmoja uliokatwa. Nilijumlisha ya wale waliomaliza mwaka wa tatu na kuondoka, hao peke yao, ikapita laki tatu. Nilipomwonyesha aliitazama ile namba, akasema, "Hao walishafaulu, wako mbali," akarudi kwenye sufuria yake.

Kuondoka chuoni bila kumlipa mama ntilie ni wizi. Nalisema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumelitafutia majina laini. Tunasema fulani kasepa. Tunasema kamkaushia Mama. Tunacheka, tunapanda basi.

Darasani tunafundishwa habari za madeni yasiyolipika. Kampuni inayatengea fungu mapema, inayafuta kwenye vitabu, biashara inaendelea. Mama hana fungu la kutenga. Laki tatu kwake ni gunia la mchele, na gunia hilo ndilo mtaji. Halafu fikiria kinachofuata sisi tukiondoka. Kuanzia mwisho wa Julai mpaka Oktoba njia ya chuo inakuwa tupu. Anabaki na bodaboda wachache na mafundi wa jengo la jirani, anapika sufuria moja pale alipokuwa akipika tatu. Vyuo vikifunguliwa anahitaji kujaza tena stoo yake, na mtaji umo kwenye kauntabuku, kwenye majina ya watu walioko Mbeya na Mwanza. Mwaka jana alikwenda kukopa. Mikopo ile yenye marejesho ya kila wiki, ambayo mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo waliipa wanawake kama yeye baada ya kuionja. Alirejesha kila Jumatatu hadi Februari. Riba ya mkopo ule, kwa hesabu yangu, ilikuwa ni wali wetu sisi.

Sasa tazama deni jingine tulilonalo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hakuna mtu darasani kwetu anayezungumza kuhusu kuisepa Bodi. Tunajua makato yatatufuata hadi ofisini. Mama hana sheria wala mwajiri wa kumwandikia barua. Ana kalamu na kumbukumbu. Kwa hiyo tunajiandaa kumlipa anayeweza kutukamata, na tunamkimbia aliyetuamini. Hilo linanisumbua kuliko matokeo yoyote nitakayoyapata Agosti.

Linanisumbua kwa sababu nililifanya. Mwaka wa kwanza, Julai kama hii, nilikuwa nadaiwa 11,000. Nilimwambia Mama kwamba nyumbani wanasubiri kuuza mpunga, wakiuza tu nitatuma. Wakauza mwezi huohuo. Baba akanipa 40,000. Nilinunua viatu, nikatumia iliyobaki, nikajiambia kwamba nitamlipa nikirudi, elfu kumi na moja si kitu. Novemba nikarudi, na kwa wiki nzima nikawa natumia njia ya nyuma, ile inayozunguka kwenye mashamba ya migomba, ili nisipite mbele ya kibanda. Siku ya nane mvua ya vuli ilinikuta hapo, nikaingia kwa lazima. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Mpunga mliuza?"

Hakuna alichoongeza. Alikuwa ameibeba habari ya mpunga wa kwetu miezi minne, anataka kujua kama mambo ya nyumbani yalikwenda vizuri. Nililipa siku hiyo nikiwa nimelowa, na sikuweza kumtazama.

Najua majibu yanayotolewa, nimeyasikia kwenye vimbweta. La kwanza ni kwamba Mama faida amekwisha kuipata, sahani hata elfu moja haimgharimu. Aliyesema hivyo hajawahi kununua mkaa masika, ukiwa umelowa na bei imepanda. La pili ni kwamba hali ni ngumu, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ni kweli. Nina rafiki ambaye mwezi uliopita alikuwa anakunywa maji ya chumvi ili alale. Huyo simwambii alipe leo. Namwambia aende, asimame mbele ya Mama, aseme, "Mama, sina, nitaanza kulipa mwezi fulani." Nimeona watu wakifanya hivyo, na sijaona hata mmoja akifukuzwa. Mama aliandika pembeni ya jina, akachora duara, basi. Umaskini hauna kosa lolote hapa. Kosa ni kupita njia ya nyuma.

Wapo pia wanaosema alaumiwe yeye anayekopesha watoto wa watu bila dhamana. Kwangu hoja hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kama Mama angekataa kukopesha, nusu ya darasa letu isingemaliza mitihani ya mwaka jana. Kuna asubuhi za pepa ambazo nimekwenda kwenye chumba cha mtihani na mtori wa kuandikiwa tumboni, na mtori huo una sehemu yake kwenye kila alama niliyoipata.

Na haya yanatokea Moshi, si mahali pengine. Ukienda stendi kuu unapita katikati ya mji penye jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walianza chama chao 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu hicho. Mkulima alishusha kahawa yake kwenye chama cha msingi, ikapimwa, ikaandikwa, akapewa malipo ya awali, akarudi kihambani kusubiri malipo ya pili. Siku alizolipwa vizuri watoto walisoma. Siku chama kilipoyumba na malipo yasije, kuna wazee waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Wazee wa Kichaga wanaifahamu thamani ya jina lililoandikwa kitabuni kuliko maprofesa wetu. Mama ni binti wa wakulima hao, na nadhani ndiyo maana kitabu chake hakitupi.

Sasa hivi kundi letu la WhatsApp limejaa matangazo. Godoro la futi tatu na nusu, limetumika mwaka mmoja. Mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Pasi, ndoo, meza, pazia. Kila mtu anapunguza mizigo kabla ya safari, na godoro lililonunuliwa 90,000 linakwenda kwa 30,000 kwa sababu basi halisubiri. Hela hiyo ipo mkononi mwa watu wiki hii, taslimu. Nimeona inakoelekea: nyama choma ya kuagana, suruali mpya ya kuingia nayo nyumbani. Sikatazi kuagana. Naomba tu kwamba hela ya godoro ipite kwanza kwa Mama, hata nusu yake, kabla haijafika kwenye nyama. Wawakilishi wa madarasa wanaotukumbusha kila siku habari za fomu za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wanaweza kutukumbusha na hili. Ujumbe mmoja unatosha, bila kutaja mtu.

Jana nimeuza meza yangu na jiko. Kwenye kauntabuku nilikuwa 38,500. Nimelipa 25,000 na tumekubaliana 13,500 nitazituma kwa simu mwisho wa Agosti nikiwa fildi, na nimeliandika mwenyewe kwenye ukurasa wangu, na tarehe. Mama amenifungia ndizi mbivu za kula njiani, kwa kuwa anajua basi la kwetu linapita Arusha, Babati na Singida na kufika ni usiku. Nimejaribu kuzikataa, akakasirika kweli.

Kama ulimaliza mwaka jana ukaondoka na ukurasa wako ukiwa haujakatwa, namba ya Mama haijabadilika. Imeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye mlango wa kibanda, na kama huna, yeyote aliyebaki chuoni atakutumia. Ukishatuma mpigie, maana jina litakalotokea kwenye simu hatalifahamu. Mwambie wewe ndiye Miwani, au Mrefu wa Singida. Atakukumbuka, na atakuuliza kwenu hawajambo.