Ruzuku kwa mwalimu mbunifu: mwaka wa pili atalipa nani?

Katika shule moja ya msingi ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, nchini Kongo, mwalimu wa darasa la kwanza anawafundisha watoto 84 kusoma kwa kutumia vizibo vya chupa. Kila Jumamosi hupita kwenye nganda, yaani baa, za mtaa wake akiokota vizibo vya bia ya Simba, huvichemsha juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka harufu iishe, kisha hubandika ndani ya kila kimoja kipande cha karatasi chenye silabi moja. Siku niliyokaa nyuma ya darasa lake, mtoto mmoja alipanga bu, ka na ri juu ya dawati, akasoma "bukari", yaani ugali, kwa sauti, na darasa zima likacheka, kwa kuwa saa ya kutoka ilikuwa imekaribia na kila mmoja alikuwa akiwaza chungu cha nyumbani kwao.

Watu kama mama mwalimu huyu ndio wanaotajwa kila linapozungumzwa wazo la ruzuku kwa miradi ya walimu wa shule za umma, ziwe za serikali moja kwa moja au zile zinazosimamiwa na makanisa kwa mkataba. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: mwalimu anaandika mradi wake, kamati inauchagua, naye anapewa fedha kidogo, tuseme dola 300 au 500, azitumie darasani mwake bila kungoja amri ya Kinshasa. Ninaliunga mkono, ingawa si kwa namna linavyotangazwa mara nyingi.

Hoja kubwa ya wanaolitetea inatokana na njia ambayo fedha za elimu hupitia katika nchi yetu. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa minervali, yaani ada ya shule, na "prime", nyongeza ya mshahara wa walimu, hadi Septemba 2019, serikali ilipoamua kutekeleza neno hilo. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Mwaka 2021 mahakama ya Kinshasa ikamhukumu mkaguzi mkuu wa elimu, pamoja na mkurugenzi wa idara iliyosimamia malipo ya walimu, kwa kosa la kufuja fedha za umma. Mwalimu wa Katuba aliyasikia yote hayo redioni, akaenda zake kuokota vizibo. Kati ya mamilioni yanayotajwa na meza yake kuna ngazi nyingi, na kila ngazi ina mtu anayesubiri kile ambacho sote tunakiita "opération retour", yaani sehemu inayorudi juu kumshukuru aliyezitelemsha fedha. Ruzuku inayomfikia mwalimu moja kwa moja inaziruka ngazi hizo, na kwangu hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuijaribu.

Sababu nyingine haina kelele nyingi. Shule inapopata fedha za uendeshaji, zinaishia kwenye ofisi ya direkta, mkuu wa shule ya msingi: chaki, madaftari ya mahudhurio, nauli ya kupeleka ripoti kwa wakuu. Darasa halina mfuko wake. Mwalimu akitaka kujaribu jambo, hulijaribu kwa mshahara wake, ikiwa anao, kwa maana bado wapo walimu tunaowaita NU, wanaofundisha bila majina yao kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali.

Hapo ndipo upande wa pili unapoanza kuwa na nguvu. Kumkabidhi dola 300 za mradi mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi minne ni kumweka katika jaribu ambalo mfadhili mwenyewe hajawahi kuwekwa. Chama cha walimu kikisema kwamba kwanza alipwe, kisha ndipo aombwe ubunifu, si uvivu wa kufikiri. Kinakumbuka tu kwamba tangu miaka ya 1990 kila msaada uliokuja "kumpa mwalimu moyo" uliishia kuwa kisingizio cha kuchelewesha mshahara.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia kwa karibu, bila kuitaja shule, kwa sababu walioshiriki bado wapo kazini. Mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari alipata ruzuku ya dola 400 kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tano kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kali. Somo lilikuwa zuri ajabu. Wanafunzi ambao hawakuwa wamegusa hata chupa ya maabara walipima, wakakoroga kwa mti mrefu, wakaona mafuta yakigeuka uji mzito, na mmoja akauliza swali ambalo mwalimu alikiri kwamba hakulitarajia: kwa nini soda inayochoma mkono haichomi tena sabuni ikishakuwa tayari? Kwa wiki tatu watu walizungumza kemia mpaka kwenye uwanja wa shule.

Kisha sabuni ikawa nyingi. Mtu akasema iuzwe ili mradi ujiendeshe, jambo ambalo fomu ya mfadhili nayo ililitaka, kwani kulikuwa na kisanduku cha kujaza juu ya "uendelevu". Prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, akaona kwamba mapato ya kitu kilichotengenezwa shuleni ni ya shule. Mwalimu akaona kwamba ruzuku ilitoka kwa jina lake. Kufikia muhula wa pili kila mwanafunzi aliagizwa kununua miche miwili ya sabuni pamoja na malipo mengine ya muhula, na kamati ya wazazi ikaja juu, kwa haki kabisa, ikiuliza tangu lini kemia ina bei. Mwaka uliofuata mwalimu akahamishiwa shule nyingine. Sufuria kubwa mpaka leo iko kwenye ghala, chini ya madawati yaliyovunjika.

Wapo wanaokisoma kisa hiki kama ushahidi kwamba ruzuku haifai. Mimi sikubali, kwa sababu kasoro haikuwa katika somo wala katika mwalimu. Ruzuku ilitolewa bila kuamuliwa vifaa ni vya nani, mapato ni ya nani, na mwalimu akiondoka mradi unabaki wapi. Maswali hayo matatu yangejazwa kwenye nusu ukurasa.

Kuhusu hesabu, wafadhili huomba risiti zenye mhuri, na seremala wa soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, hana mhuri. Matokeo yake mwalimu mwaminifu hununua risiti tupu na kuijaza mwenyewe, akawa mdanganyifu kwa ajili ya kabati alilolinunua kweli. Huko Marekani shirika la DonorsChoose, lililoanzishwa mwaka 2000 na mwalimu wa historia wa Bronx, Charles Best, lilizunguka tatizo hilo kwa kutompa mwalimu fedha: yeye huandika anachohitaji, wachangiaji hulipa, na shirika hununua vifaa na kuvipeleka shuleni. Hapa kwetu njia hiyo ingerudisha mnunuzi wa kati, na kwa mnunuzi wa kati tunaijua hadithi.

Ushahidi wa nchi jirani unastahili kusikilizwa, hata kama ulihusu ruzuku kwa shule nzima na si kwa mwalimu mmoja. Nchini Tanzania, katika jaribio lililofanyika kwenye shule 350 mwaka 2013 na 2014, shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha nyongeza katika matokeo ya wanafunzi; zilizopewa ruzuku pamoja na bonasi ya walimu kulingana na matokeo zilipanda waziwazi. Na Zambia, ambayo kutoka hapa ni mwendo wa kufika mpakani Kasumbalesa tu, ilikuwa pamoja na India katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013: fedha za shule ambazo wazazi walizitarajia hazikuinua matokeo, kwa sababu wazazi walipunguza zile walizokuwa wakitumia wenyewe, lakini zilizokuja bila kutarajiwa ziliyainua. Mzazi wa Ruashi, komini nyingine ya hapa, naye angefanya hivyo hivyo, na nani angemlaumu? Akisikia kwamba darasa limepata dola, atalipa ada ya mtoto mwingine.

Ninachokishuku zaidi ni neno lenyewe, "ubunifu". Wito wa miradi hutaka kitu kipya, na kwa hiyo hulipia mwanzo. Mwaka wa pili mradi uleule si mpya tena, hauna mfadhili, na mwalimu mjanja hujifunza kuubadilisha jina. Kuanzia mwaka 2015 Marekani na Uingereza ziligharamia hapa nchini mradi wa elimu wa ACCELERE!, ambao ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa, kulingana na sheria ya elimu ya 2014 inayotaka mtoto aanze masomo kwa lugha ya kwao. Mradi una tarehe ya kuisha. Mtoto wa darasa la kwanza huja upya kila Septemba. Na tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, lifungwe mwaka 2025, aliyezoea kungoja wito mwingine kutoka huko ana sababu ya kuacha kungoja.

Ndiyo maana wengine wanaelekeza macho kwenye madini. Kanuni ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka kampuni kutenga angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hizo zipo, na tofauti na za wafadhili zinarudi kila mwaka shaba inapouzwa, jambo ambalo ndilo hasa linalokosekana. Lakini zinafuata shimo: shule iliyo karibu na mgodi wa Ruashi inaweza kudai sehemu, ilhali ya Katuba haina shimo la kuonyesha. Tena viongozi hupenda kuzigeuza kuta, kwa sababu ukuta unapigwa picha na kubandikwa kibao cha jina, na sijaona bado mtu aliyekata utepe mbele ya silabi.

Kama ningekuwa kwenye kamati ya kuchagua, ningeondoa fomu ya Kifaransa yenye visanduku vya "viashiria", ambayo humpa ushindi anayejua kuijaza, mara nyingi mtu aliyeilipia kwenye kibanda cha kompyuta. Ningetaka watu wawili wa kamati, pamoja na mzazi mmoja, wakae darasani asubuhi nzima na kumsikiliza mwalimu kwa Kiswahili. Ningekataa mradi wowote unaouza kitu kwa mwanafunzi. Na ningetenga sehemu kubwa ya fedha kwa mambo yaliyokwisha kudumu angalau mwaka mmoja bila msaada, hata kama nalaumiwa kwamba kwa njia hiyo nawanyima walimu wapya nafasi, lawama ambayo ina ukweli ndani yake.

Mama mwalimu wa Katuba nilimuuliza angefanya nini na dola 300. Hakutaja kitu kipya hata kimoja. Alitaka kabati lenye kufuli, kwa sababu kila likizo kubwa watoto wa jirani huingia dirishani na kuvichukua vizibo kuchezea, na Septemba inamkuta akianza tena kuokota.