Mtoto akishafanyiwa upasuaji wa moyo, antibiotiki ikome lini?

Mzazi anayemuona muuguzi akiondoa dripu ya antibiotiki siku mbili tu baada ya mwanawe kupasuliwa moyo hushtuka, na simlaumu. Hata madaktari wapo wanaoshikilia kwamba maadamu mirija iliyowekwa kwenye mishipa ya damu na kifuani ingali mwilini, dawa iendelee. Hoja yao ina uzito. Mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji huvuruga kinga ya mtoto, na mara nyingi thaimasi, tezi ya kifuani inayokomaza chembe za kinga, hukatwa ili moyo ufikike. Wengine hutoka chumba cha upasuaji kifua kikiwa hakijafungwa, na kwa hao ushahidi ni haba. Daktari anayesita namwelewa.

Kwa waliobaki, wanaositisha mapema ndio walio sahihi, ingawa hawaeleweki. Antibiotiki ya kinga hutolewa ili iwe tayari mwilini wakati kisu kinapita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2016 unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na unapinga kuiendeleza upasuaji ukishakwisha. Miongozo mingi ya upasuaji wa moyo hulegeza hadi saa 24 au 48. Kuivusha hapo hakuukingi mrija: bakteria walionata humo hujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Wanaokufa ni wale dhaifu, nao huwaachia nafasi sugu na fangasi. Siku mtoto akiugua kweli, dawa ile ile haifui dafu.

Wa kuhojiwa ni mrija wenyewe. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya vyumba vya wagonjwa mahututi vya Michigan, Marekani. Hakukuwa na dawa mpya: walinawa mikono, walijifunika kikamilifu wakati wa kuweka mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu, walisafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, waliepuka mshipa wa kinena, na walitoa mrija usio na kazi. Wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 ambazo mrija umo mwilini.

Wengi wa wagonjwa wale wa Michigan walikuwa watu wazima, na katazo la kinena halina nguvu ile ile kwa watoto. Lakini kitazame kipimo chenyewe: hatari inahesabiwa kwa siku. Mrija uliotolewa Jumatatu hauwezi kuleta maambukizi Alhamisi, wala hauhitaji antibiotiki ya kuulinda. Mzazi anayeuliza kila asubuhi, "Daktari, huu bado unahitajika?" anamlinda mwanawe kuliko anayeomba dozi iongezwe.