Bilauri za Al-Khalil na kofia za mama yangu

Jamaa zangu wa Unguja wakisikia naishi Al-Khalil, Palestina, huanza kunionea huruma kabla sijatia neno. Wanawake wa huku nao huwatia kwenye kapu hilohilo: maskini, watu wa kuchangiwa, watu wa kuombewa dua. Dua hairudishwi, lakini hiyo picha ya umaskini inaniuma. Mimi nimetoka Ng'ambo, ile mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba iliyolishwa na mama kwa kushona kofia za mkono. Kila nikitazama mikono ya majirani zangu hapa naiona mikono yake.

Al-Khalil ni mji wa Nabii Ibrahim, na tangu enzi na enzi ni mji wa vioo. Ndani ya mji wa kale upo mtaa uitwao Harat al-Qazzazin, yaani mtaa wa mafundi wa vioo. Zamani waliyeyusha mchanga wa hapa jirani pamoja na magadi ya Bahari ya Chumvi. Siku hizi tanuri linalishwa chupa kuukuu zilizopondwapondwa. Ushanga wa mji huu ulifika Misri na ukashuka hadi Sudan. Mume wangu nilikutana naye Khartoum, sote tukiwa wanafunzi, na wala sikujua kwamba ushanga wa kwao ulishapita huko zamani. Mwaka 2016 Baraza la Ufundi la Dunia liliutangaza Al-Khalil kuwa mji wa ufundi wa dunia.

Anayepuliza kioo ni mwanamume. Kazi ya mdomoni pa tanuri hurithiwa baba kwa mwana, na mgeni akija humpiga picha huyo huyo, jasho linamtiririka, kioo chekundu kimening'inia kwenye ncha ya bomba. Sawa, ni fundi, anastahili. Lakini bilauri ikishapoa hutiwa kwenye boksi, ikaviringishwa magazeti, ikapelekwa majumbani. Huko ndiko wanawake wanakoipamba, na huko hakuna anayekwenda na kamera.

Jirani yangu namwita khalti, kama kwetu ninavyomwita mama mdogo. Chumba chake cha kazi ni jikoni. Usiku watoto wakishalala hutandika kitambaa cheupe mezani, akaipangusa kila bilauri kwa siki, maana alama ya kidole tu inatosha kuifanya rangi isishike. Kisha huingiza vidole vya mkono wa kushoto ndani ya bilauri na kukitanua kiganja, ili aizungushe bila kuigusa kwa nje. Rangi anaikamua kutoka kwenye kikopo chenye mdomo mwembamba kama wa sindano. Siku ya kwanza nilipomwona nilipiga kelele: hii si koni ya hina! Mkono ni uleule, pumzi ni ileile. Mstari wa dhahabu wa ukingoni anauzungusha mara moja, bila kunyanyua mkono, na akiufanya hatumsemeshi.

Baadaye bilauri huingia kwenye oveni ikiwa baridi. Moto unapandishwa taratibu, ukizimwa mlango haufunguliwi mpaka asubuhi. Nilishawahi kuufungua mimi, haraka zangu za kutaka kuona. Bilauri mbili zilipasuka kwa mlio mdogo kama wa njugu. Khalti hakunigombeza. Alivitoa vipande vyake, akavipanga juu ya gazeti, akafungua daftari lake na kuandika: mbili. Nilitamani anigombeze.

Hizo mbili zilikuwa mkate na mtungi wa gesi. Mume wake alikuwa fundi ujenzi ndani ya Israel, na baada ya Oktoba 2023 vibali vya wafanyakazi kama yeye, zaidi ya laki moja, vilisimamishwa. Watalii na mahujaji nao wakakatika. Tangu hapo nyumba imekaa juu ya ile meza ya jikoni, pamoja na karo ya binti aliyeko chuo kikuu. Katika nchi hii vyuoni wasichana ni wengi kuliko wavulana, lakini wanawake walio katika soko la ajira hawafiki 2 kati ya 10. Ajira hakuna, basi wengi kazi wameiumba wenyewe.

Na njia je? Al-Quds, yaani Jerusalem, iko mwendo wa kilomita 30 hivi, lakini khalti hawezi kwenda kuuza huko bila kibali, na kibali hakipatikani. Milango ya kuingilia miji na vijiji hufungwa bila taarifa. Mzigo wa nje lazima upite kwenye mipaka inayoshikwa na wengine, hata ukienda Jordan. Bilauri imenusurika oveni, halafu inavunjwa na ukaguzi.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na watu wa nyumbani. Sisi kati ya Ng'ambo na soko la Darajani hakuna askari. Bahari iko wazi, boti zinakwenda na kurudi, wageni wanatufuata hadi mlangoni. Lakini kofia aliyoishona mama kwa miezi minne, tundu kwa tundu, bei yake aliitaja dalali. Kofia ikaenda Muscat, ikauzwa mama hajui kwa kiasi gani, na hakuna aliyeivaa kichwani aliyejua jina la mama. Tulikuwa tunasema "mama anajishughulisha". Miezi minne ya macho ya mtu tuliita kujishughulisha!

Khalti, pamoja na kufungiwa kote, anajua thamani ya kila mstari. Daftari lake lina saa, rangi, gesi, zilizopasuka. Vile anavyouza mwenyewe kwa simu, kwa Wapalestina walioko nje, anavichorea jani dogo la mzeituni chini ya kitako, na bei haishuki. Mteja akianza, "Nipunguzie, nataka tu kukusaidia," humjibu kwa adabu kwamba msaada na biashara ni milango miwili.

Sisemi huku kumenyooka. Vile anavyopaka rangi kwa ajili ya wenye maduka havina jani la mzeituni, vina jina la duka, na malipo ya kupaka dazeni nzima hayafiki bei ya bilauri moja rafuni. Wamekuja pia watu wa miradi kuwafundisha kupaka rangi wanawake walioanza kupaka utotoni. Wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza daftari linasemaje. Ninachowaomba wanunuzi, hasa ndugu zetu wenye uwezo walioko Ghuba na Ulaya, ni kununua kwa sababu kitu ni kizuri, kulipa bei iliyotajwa, na kuuliza nani amekipaka.

Ijumaa iliyopita nilimpigia mama. Bado anashona, ingawa uzi siku hizi anatungiwa na wajukuu. Nikamwambia kofia iliyopo mkononi atie alama yake kwa ndani, na bei aitaje yeye. Akacheka sana. Kisha akanyamaza, akaniuliza, "Bei gani, mwanangu?" Nikachukua kalamu. Tukaanza kuhesabu siku, tangu ile aliyokata kitambaa.