Maria Magdalena Hakuwa Kahaba

Jumapili iliyopita nimesikia tena mhubiri akitangaza mimbarini kwamba Maria Magdalena alikuwa kahaba aliyetubu. Watu wakaitikia amina. Nimechoka na jambo hili.

Fungueni Luka 8. Ndipo Luka anapomtaja mara ya kwanza: mwanamke aliyetokwa na pepo saba, akifuatana na Yesu pamoja na Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi, wakiwahudumia kwa mali zao. Basi. Ukahaba uko wapi? Yule kijana aliyekuwa akianguka motoni naye alikuwa na pepo, na hakuna anayemwita mzinzi. Maria huyu alikuwa mtu wa Magdala, kando ya ziwa la Galilaya, tena mwenye uwezo wa kugharimia safari ya Bwana.

Hadithi hii ilipata nguvu Roma. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba Maria Magdalena, Maria wa Bethania dada yake Martha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, asiyetajwa jina, aliyeosha miguu ya Yesu kwa machozi, ni mtu mmoja. Haya, alitaka kuwatia moyo wakosefu, na wengi wametiwa moyo kweli. Lakini mwanamke wa Luka 7 alitosha kwa kazi hiyo. Kwa nini mwingine abebeshwe dhambi isiyo yake? Waorthodoksi hawakuwachanganya hivyo, kwao yeye ni mmoja wa waliobeba manukato kwenda kaburini.

Kinachoniuma hasa ni kile kinachofunikwa. Katika Yohana 20, Petro na mwenzake wanaliona kaburi tupu, wanarudi zao nyumbani. Maria Magdalena anabaki pale, analia. Anaitwa kwa jina lake, anajibu "Raboni", yaani Mwalimu, kisha anatumwa yeye, mwanamke, awapashe mitume habari. Bila mdomo wake, Pasaka ingeanzia wapi? Ndiyo maana Thoma wa Akwino alimpa heshima ya mtume. Kalenda ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1969 ilimtenga na wale wawili, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, kutoka kumbukumbu hadi sikukuu, daraja lile lile la mitume.



Mapadre na makatekista wetu, nawasihi: kila mwaka mnabatiza wasichana kwa jina la Magdalena. Waambieni kwamba somo wao ndiye aliyetangulia kusema amemwona Bwana.