Mazoezi ya ubongo: waliopooza wana ushahidi, wenye afya wana matangazo

Kuna wakufunzi wa jimu wanaouza mazoezi ya ubongo, yaani kuurekebisha mwendo kwa kuufundisha ubongo badala ya msuli. Onyesho lao huwa hivi. Mkufunzi anamwambia mteja ainame bila kukunja magoti, aguse vidole vya miguu. Mikono inaishia katikati ya miundi. Anamsimamisha, anamshikisha kalamu mbele ya uso na kumwambia aikazie macho ncha yake huku akigeuza kichwa kulia na kushoto. Hata nusu dakika haijaisha, anaambiwa ainame tena. Safari hii vidole vinagusa viatu, na waliopo wanapiga makofi. Maelezo yanafuata: tatizo halikuwa msuli, lilikuwa ubongo. Ubongo ulihisi hatari ukaubana mwili. Tumeutuliza kwa njia ya macho na sikio la ndani, nao umeachia.

Mafunzo haya yana wenyewe. Eric Cobb, tabibu wa Marekani wa kunyoosha uti wa mgongo, aliyapanga kuwa mfumo unaoitwa Z-Health. Ujerumani yalipata umaarufu kupitia mkufunzi Lars Lienhard, aliyekuwa na timu ya taifa ya nchi hiyo kwenye Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil. Wajerumani walirudi na kombe, na tangu hapo jina la mazoezi haya limekuwa likipanda. Kwamba timu ile ilikuwa na Neuer, Lahm, Kroos na Müller, na kocha aliyeijenga kwa miaka minane, ni jambo ambalo matangazo hulipita haraka.

Hata hivyo, wanaoyadharau moja kwa moja nao wanakosea. Mwendo wa mwanadamu hautoki kwenye msuli peke yake. Ili usimame tu bila kuyumba, ubongo unapokea habari kutoka kwa macho, kutoka kwa sikio la ndani linalopima mwelekeo wa kichwa, na kutoka kwa vihisio vilivyomo kwenye misuli na viungo. Zoezi lile la kalamu halikubuniwa jimu. Madaktari wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, walianza kutumia mazoezi ya jamii hiyo miaka ya 1940 kwa watu waliobaki na kizunguzungu baada ya kuumia kichwa au kufanyiwa upasuaji wa sikio, na hadi leo wataalamu wa tiba ya viungo wanayatumia. Kwa mgonjwa ambaye dunia inamzunguka kila akigeuza shingo, ni tiba halisi.

Vivyo hivyo kwa mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu. Kano inapochanika, habari zilizokuwa zikitoka pale kwenda kwenye ubongo nazo huharibika, ndiyo maana mguu unaoonekana umepona hutegukia tena kwenye shimo dogo la uwanja. Utafiti wa wachezaji wa voliboli wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba mazoezi ya kusimama kwenye ubao unaoyumba yalipunguza kuteguka kwa wale waliowahi kuteguka. (Wenye historia ya kuumia goti, kwa upande wao, walipata maumivu zaidi ya goti ya kutumika kupita kiasi. Hili nalo lisifichwe.) Karibu zaidi na kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wachezaji 416 wa ligi ya vijana jijini Lagos. Timu zilizopasha misuli moto kwa utaratibu wa FIFA 11+, unaochukua kama dakika 20, zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41.

Lakini tazama kilichomo ndani ya utaratibu huo: kukimbia na kubadili mwelekeo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole vya mguu. Ubongo unafundishwa jambo lilelile utakaloombwa kulifanya dakika ya 80. Hapo ndipo mazoezi ya macho peke yake yanapopungukiwa. Mwaka 2001 watafiti Abernethy na Wood walichapisha jaribio la programu za kunoa macho zilizokuwa zikiuzwa kwa wanamichezo. Waliopitia programu hizo hawakuwazidi wenzao ambao hawakuzipitia, kwa macho wala kwa kucheza. Ndugu wa biashara hiyo, michezo ya kompyuta ya kunoa akili, ilifika pabaya zaidi: mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuishtaki kwa kuwahadaa wateja.

Sasa lile onyesho la kuinama. Mtu akiinama mara ya pili mara nyingi huzidi ya kwanza, kwa sababu misuli imeshavutika kidogo, anayajua maumivu yanaanzia wapi, anatazamwa, na ameambiwa atarajie mabadiliko. Jaribu mwenyewe: mwambie rafiki ainame, asimame nusu dakika bila kufanya lolote, kisha ainame tena. Baada ya hapo pima kesho asubuhi. Sisemi wakufunzi wote ni walaghai. Wengi wanaamini wanachokiona, na huenda hofu ya mwili ina nafasi yake, hasa kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa goti ambaye bado anaogopa kulikanyagia. Ninachokataa ni kupima kitu sekunde 30 baada ya zoezi kisha kumuuzia mtu mafunzo ya mwaka mzima.

Kuna jambo moja kutoka sayansi hii ambalo ningemsihi kila kocha alichukue, nalo ni la bure. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie msukumo kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao, na majaribio mengi ya baadaye yameelekea hukohuko. Kocha anayepiga kelele "nyoosha goti, kaza kiuno, inua kisigino" anamfanya kijana ajikague viungo badala ya kukimbia. Mwambie "isukume ardhi nyuma yako," umemaliza.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, hauko uwanjani, na hili ndilo linaloniuma. Uko kwa watu waliopata kiharusi.

Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya kazi na nyani waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Nyani hao waliuacha mkono ule kabisa, ingawa mishipa inayousukuma ilikuwa mizima. Ule mkono mzuri ulipofungwa, walianza kuutumia uliosahaulika. Taub akahitimisha kwamba sehemu ya kupooza hufundishwa: mgonjwa anajaribu siku za mwanzo, anashindwa, anaacha, na ubongo unaifuta kazi ile kwenye ratiba yake. Tiba aliyoijenga humvalisha mgonjwa glovu nene kwenye mkono mzima sehemu kubwa ya siku, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi. Jaribio kubwa la tiba hiyo, EXCITE, lilichapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma walishiriki, na baada ya wiki mbili tu za mazoezi hayo, faida kwa wale walioyapata ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Kioo nacho kina sehemu yake: mgonjwa anaficha mkono dhaifu nyuma ya kioo, anausogeza ule mzima huku akitazama taswira yake, na ubongo unaona kama mikono miwili inakwenda. Tathmini ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima kwa pamoja tafiti za tiba, ilikusanya tafiti 62 na kukuta unafuu wa wastani.

Mipaka ipo. Glovu humfaa mwenye uwezo wa kuinua kiganja na vidole hata kidogo. Mkono usiosogea kabisa hauna cha kuanzia. Wala si kila haraka ina faida: jaribio la AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 2,104, lilikuta kwamba kumwamsha na kumtembeza mgonjwa mara nyingi kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Na wale wanaosema familia zifundishwe halafu zifanye kazi hiyo nyumbani wausome utafiti wa ATTEND wa India, wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 1,250. Familia zilifundishwa, na baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati ya wagonjwa wao na waliopata huduma ya kawaida.

Matokeo hayo ni magumu kwetu, maana familia ndiyo tuliyo nayo. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kipya kwa watu 316 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka jijini Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri, na 109 hivi wilayani Hai. Mgonjwa wa aina hiyo anapandishwa bajaji hadi hospitali, anahudhuria mara chache, nauli inaisha, kliniki inaisha. Nyumbani anapokewa kwa huruma. Binti anamkatia tonge, mke anamfunga vifungo vya shati, kikombe kinawekwa upande wa mkono mzima. Kila tendo ni la upendo, na kila tendo linaufundisha ubongo kuusahau mkono ule. Hapo ndipo maarifa haya yangekuwa na thamani kuliko kwenye jimu yoyote: kikombe kihamie upande dhaifu kikiwa na maji ya baridi, shati alifunge mwenyewe hata kama itachukua robo saa, asiachwe peke yake kwenye ngazi wala karibu na jiko, na mtaalamu wa tiba ya viungo apange kazi zenyewe na kurudi kuzipima. Sidhani ATTEND inakataza hayo. Inakataza kumkabidhi mke kazi ya mtaalamu kisha kuita hiyo huduma.

Kipimo nacho kipo, na ni rahisi. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walikaa kwenye vyumba vya tiba ya wagonjwa wa kiharusi vya Marekani na Kanada wakihesabu. Mkono dhaifu ulirudia tendo lenye maana mara 32 kwa wastani katika kipindi kimoja, wakati majaribio ya wanyama yaliyouonyesha ubongo ukijipanga upya yalitumia mamia. Anayempeleka mzazi wake kliniki aulize hilo kabla ya kuuliza habari za mashine: leo mkono huu umefanya kazi mara ngapi, kesho utafanya mara ngapi, na nani atahesabu tukiwa nyumbani?