Ukifika Arimatsu, funga kitambaa kwanza, nunua baadaye

Wageni wengi wa Nagoya, Japani, huona ngome, hula chakula, kisha hukimbilia treni ya Kyoto. Naona wanapitwa na jambo kubwa. Dakika kama 20 tu kwa treni ya Meitetsu kuna Arimatsu, mji ulioanzishwa mwaka 1608 kando ya barabara kuu ya Tokaido. Wakazi wake waliishi kwa kuwauzia wasafiri vitambaa vya shibori, pamba iliyofungwa kwa uzi kisha ikatiwa rangi ya nili. Moto uliuteketeza mji mwaka 1784. Nyumba za vigae na kuta nene zilizojengwa baada ya moto huo ndizo zinazoipamba barabara hadi leo.

Madukani bei zitakushtua. Ndiyo maana nasisitiza uanze na darasa la kufunga. Mchoro hupigwa kwanza kwa buluu ya maua ya aobana, ambayo hutoka kwa maji. Kwa mtindo wa kumo, wenye umbo la utando wa buibui, unanasa kitambaa kwenye ndoana, unakusanya mikunjo iliyo sawa, halafu unazungusha uzi kutoka chini hadi nchani. Mikunjo ikipishana ukubwa, utando unakwenda upande. Uzi ukilegea, rangi inapenya chini yake na ua linageuka doa. Ukishahangaika na mafundo machache, kumbuka kwamba jora moja la kimono lina urefu wa mita kama 12, na lote linaweza kujazwa mafundo hayo kwa mkono. Bei haitakushangaza tena.

Kabla ya kuchovya, kitambaa kilowe maji vizuri; kikiwa kikavu hunywa rangi kwa mabaka. Kikitoka kwenye nili huwa cha kijani, kisha hugeuka buluu kikikutana na hewa. Kwa hiyo kuchovya mara nyingi kwa muda mfupi, ukikipumzisha hewani kila mara, ni bora kuliko kukizamisha mara moja kwa muda mrefu. Wakati wa kufungua ndipo wanaoanza huharibu kazi: mkasi ukiteleza, tundu halizibiki.

Uliza mapema kama rangi hutiwa papo hapo. Katika baadhi ya madarasa mgeni hufunga tu, mafundi hutia rangi baadaye na kazi hutumwa kwa posta, jambo gumu kwa msafiri asiye na anwani Japani.

Unaponunua, geuza kitambaa. Kilichochapwa kwa mashine mara nyingi hupauka upande wa nyuma, na maua yake hufanana kabisa. Shibori halisi huwa na kingo zinazofifia, na hakuna maua mawili yaliyo sawa. Ule mkunjo wa asili usiupige pasi. Ukiulaza, umepoteza nusu ya ulichokilipia. Nili huchuja mwanzoni, hivyo kifue peke yake kwa maji baridi bila dawa ya kung'arisha, ukianike kivulini.